Somo Gumu: Kuliacha au Kulishika?

Kila mwaka wakati wa mitihani unapokaribia twapokea barua za wanafunzi wa madarasa ya mwisho, na za wazazi wao pia, na swali lao karibu ni moja. Mtoto anataka kuingia chuo kikuu. Masomo yake yanakwenda vema, ila moja halikubali kwenda. Mara nyingi ni hesabu, mara nyingine fizikia au Kifaransa. Je, aliache lile moja apate kuyainua yale mengine, au apigane nalo mpaka siku ya mwisho?

Yatupasa kwanza kulitazama neno lenyewe, maana kuna nchi ambamo mwanafunzi huweza kuliacha somo waziwazi. Kule Uingereza, kwa mfano, wengine huanza masomo manne katika miaka miwili ya mwisho, kisha huacha moja, kwa sababu vyuo vikuu vingi vya huko vinadai matatu tu. Huku kwetu Kongo haiko hivyo. Tangu Mtihani wa Serikali ulipoanzishwa mwaka 1967, mwanafunzi hupimwa kwa jumla: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni yake. Akifikisha asilimia 50 amepata Diploma. Hakuna karatasi ya kuandika, «Mimi hesabu nimeziacha.»

Hata hivyo watoto wetu huziacha. Huziacha moyoni. Mtoto yumo darasani, daftari limefunguliwa, kalamu i mkononi, lakini amekwisha kujipigia hesabu moja tu: «Kifaransa kitanipa kadhaa, jiografia kadhaa, biolojia kadhaa, hamsini itafika.» Tangu siku hiyo mwalimu wa hesabu humfundisha mtu asiyekuwapo. Kwa namna moja mtoto huyu hakosei. Wengi wamepata Diploma kwa njia hiyo, kwa kuwa Diploma huonyesha asilimia ya jumla, nayo jumla hufunika shimo kama nyasi zifunikavyo kisima cha zamani. (Juu ya wale wanaotafuta kuinunua hiyo asilimia hatutasema neno leo, wao hawakutuandikia.)

Shimo huonekana mlangoni pa fakulte. Twalisema hili kwa sababu wazazi wengi hawajui yanayofundishwa ndani. Mwanafunzi wa uchumi hukutana na hesabu na takwimu tangu mwanzo. Wa kilimo hukutana na kemia. Wa udaktari hukuta kemia, na fizikia vilevile, ingawa nyumbani alidhani udaktari ni biolojia tupu. Hata yule anayekimbilia saikolojia au sosiolojia ili asione tarakimu tena maishani, huko nako takwimu zinamngoja. Na mwenye udhaifu wa Kifaransa asije akadhani kwamba sheria ni mahali pa wasemaji hodari tu. Kazi ya mwanasheria ni kusoma kurasa nyingi na kuandika kwa usahihi, maana neno moja likihama huhama na maana ya kifungu kizima.

Tulimjua kijana mmoja aliyepata 58 katika Mtihani wa Serikali, na watu wa nyumbani kwake wakafanya karamu. Alijiandikisha katika uchumi. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya minervali na chumba cha kupanga mjini. Mwaka wa kwanza haukwenda, akaurudia. Na ng'ombe wa tatu akauzwa. Mzee yule hakuelewa kamwe jambo lililotukia, kwani mtoto mwenye 58 aliitwa mwerevu na wote, na wala hakuna aliyemwambia kwamba katika ile 58 hesabu hazikuchangia karibu kitu.

Basi, je, tuseme kila mtoto ashike kila somo? La. Lakini kabla ya kusema «mimi siliwezi», mwanafunzi atafute ugonjwa umeanzia wapi. Katika miaka yetu ya kufundisha tumeona kwamba udhaifu wa darasa la mwisho mara chache huwa ni wa darasa la mwisho. Mpe kijana asiyeziweza hesabu jambo dogo: robo tatu ujumlishe na theluthi mbili. Ukiona ameandika sehemu tano juu ya saba, yaani amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, umekwisha kuuona ugonjwa. Jibu ni 17 juu ya 12, zaidi ya kitu kizima. Naye ameleta jibu lililo dogo kuliko ile robo tatu aliyoanza nayo, wala hakushtuka. Kijana huyu hakushindwa na hesabu za humanite. Alikosa somo moja la shule ya msingi, labda mwaka ule alipougua au mwaka ule vita ilipofunga shule, kisha kila mwalimu akajenga juu ya ukuta uliokuwa na ufa.

Tazama pia fizikia. Mwalimu asema mwendo ni umbali kugawanya kwa wakati. Mtoto aweza kuikariri sentensi hiyo kama sala. Ukimwambia sasa, «Umbali ni kilomita 90, mwendo ni kilomita 60 kwa saa, nitafutie wakati», ananyamaza. Fizikia haina kosa hapo; asichokijua ni kugeuza mlinganyo, na hilo ni jambo la hesabu. Atakutana na shida ileile katika kemia siku ya kupima moli na gramu. Mtoto wa namna hii hutuandikia kwamba ana masomo matatu dhaifu na anataka kujua aache lipi. Kumbe ana udhaifu mmoja tu uliovaa nguo tatu, na akiutibu mmoja, yote matatu huanza kupona. Hapo kuacha ni hasara kubwa.

Lakini wako wengine ambao ufa wao hauko chini. Wamerudia misingi, wamepata mwalimu mwema, wamekesha na taa, na bado somo halikai. Wakati huohuo kuna somo jingine ambalo huwaka ndani yao pasipo kuvuviwa. Kwa hao kuacha ni busara, mradi wafanye mapema na kwa mlango ulio wazi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imeweka miaka minane ya elimu ya msingi, kisha minne ya humanite. Saa ya kuchagua, basi, ni baada ya ile minane, mtoto akiwa na miaka kama kumi na minne. Na aghalabu si yeye anayechagua. Baba ataka injinia, hivyo mtoto awekwa Hesabu-Fizikia. Jirani ana binti katika Kemia-Biolojia, basi na wetu aende huko. Pedagojia hudharauliwa kana kwamba ni kapu la kutupia walioshindwa, nasi twasikitika kulisikia hilo hata kutoka kwa walimu wenzetu. Wazazi, kabla ya kutia sahihi, ombeni karatasi za alama za miaka miwili, mkaketi na mtoto pamoja na prefe.

Aliye tayari katika mwaka wa tatu au wa nne tungemshauri asihame opsioni. Atajikuta akipimwa katika masomo ambayo wenzake wameyasoma tangu mwanzo wa humanite, na udhaifu mmoja atakuwa ameubadilisha kwa udhaifu minne. Heri abaki, na kama ni lazima abadilishe jambo, abadilishe fakulte anayoiendea. Aandike majina ya fakulte mbili au tatu anazozitamani, kisha aende mwenyewe, au amtume ndugu aliyeko mjini, akaulize mambo haya: masomo ya mwaka wa kwanza ni yapi, kuna mtihani wa kuingia au hakuna, na kama kuna mwaka wa matayarisho kwa waliopungukiwa. Hili la mwisho si aibu. Lovanium, iliyofunguliwa mwaka 1954, ilikuwa na mwaka wake wa kutangulia chuo kikuu, nao waliopitia humo hawakuonekana wapumbavu.

Na yule ambaye fakulte yake inalidai somo lile alilotaka kuliacha, bado ana miezi kadhaa. Ayaombe kwa wadogo zake madaftari ya hesabu ya darasa la saba na la nane, aanze na visehemu, nusu saa kila jioni. Wadogo watacheka juma la kwanza.