Mwanafunzi Asiye na Mtihani



Wapendwa, mihadhara ya aljebra ya mstari aliyoitoa Profesa Gilbert Strang katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1999, ingali katika intaneti bila malipo. Mwenyewe alistaafu mwaka 2023, lakini sauti yake yamfikia yeyote mwenye simu na bando.

Wapo wanaouliza: mtu mzima asiyetarajia cheti ananufaika nini? Nasema, ananufaika sana. Somo la kwanza laanza na milinganyo miwili tu: 2x − y = 0, na −x + 2y = 3. Ukiisoma kwa safu mlalo, ni mistari miwili inayokutana penye x = 1 na y = 2. Ukiisoma kwa safu wima, ni vekta mbili zinazounganishwa kuifikia ya tatu. Jibu ni lile lile. Kuufurahia ukweli kwa ajili ya ukweli wenyewe ni kumshukuru Muumba aliyetujalia akili.

Lakini ipo hatari. Profesa akifafanua, yote huonekana mepesi; video ikizimwa, kalamu hukwama. Mtume Yakobo aliwaonya wanaolisikia Neno wasilitende kwamba wanajidanganya nafsi zao. Onyo hilo lamfaa pia mpenda hisabati. Asiye na msahihishaji hana budi kujisahihisha kwa uaminifu, pasipo shahidi ila Mungu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi, ukisikiliza nusu saa, kokotoa saa nzima.

Mungu awabariki.