Kabla ya Ngeli ni Sikio: Maoni Kuhusu Vitabu vya Watoto Wachanga

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Sisi wapenzi wa Kiswahili tumeikariri methali hii tangu shule ya msingi, ila tumeipuuza katika jambo moja, nalo ni vitabu vya watoto ambao bado wanapakatwa. Katika makongamano yetu tunajadili istilahi, riwaya na mitaala; mtoto wa miezi kumi hatajwi. Rai yangu ni kwamba anayemchagulia mtoto huyo kitabu hana budi kukipima kwa sikio kabla ya kukipima kwa jicho.

Tuutazame mtaa wa Kariokor hapa Nairobi. Jina lake, sawa na lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji walilitwaa neno geni wakalitamka kwa namna iliyowaafiki. Mtoto wa mtaa huu husikia Kiswahili sokoni, Sheng uwanjani, na pengine Kikamba, Kiluo au Kikuyu kwa nyanya yake. Hata hivyo, kitabu chake cha kwanza, akibahatika kukipata, aghalabu huwa cha Kiingereza, chenye picha za theluji na matofaa. Kiswahili hukutana nacho baadaye, katika kitabu cha kiada chenye maswali chini ya kila kifungu. Basi hujifunza mapema kwamba Kiingereza ni lugha ya hadithi, na Kiswahili ni lugha ya mtihani. Hasara hiyo hatuwezi kuifidia kwa mihadhara ya chuo kikuu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto mchanga haelewi kitu. Lakini mwaka 2014, American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, kiliwataka wanachama wake wawahimize wazazi kuwasomea watoto kwa sauti tangu uchanga. Mtoto huanza na sauti; maana hufuata.

Je, tuchague vipi? Kwanza, tujihadhari na tafsiri sisisi. Kitabu cha alfabeti cha Kiingereza huanza kwa tofaa kwa kuwa jina lake katika lugha hiyo huanza kwa A. Kikitafsiriwa, herufi ni A, picha ni tofaa, na mantiki imepotea. Vitabu vya kuhesabu navyo vina mtego wake. Kwetu nambari hufuata ngeli: kiatu kimoja, viatu viwili, yai moja, mayai mawili, mti mmoja, miti miwili. Tena sita, saba na tisa hazibadiliki, ilhali nane hubadilika. Moja Means One, kitabu cha Muriel Feelings cha mwaka 1971 kilichochorwa na Tom Feelings, kiliwafundisha watoto wa Marekani majina ya nambari zetu, na kwao hayo yalitosha. Mtoto wa Kariokor anastahili zaidi: asikie nambari zikipatana na nomino, ili siku mwalimu atakapotaja upatanisho wa kisarufi, sikio liwe limekwisha kuujua.

Pili, tutafute kitabu kinachosomeka kwa sauti bila kujikwaa: sentensi fupi, maneno yanayorudiwa, tanakali za sauti. Chungu kikianguka, na kianguke pu! Tatu, picha ziwe kubwa na zionyeshe pia vitu anavyovijua mtoto, kama vyondo na viatu vya ngozi vinavyouzwa katika soko la Kariokor. Kitabu cha picha tupu nacho kisidharauliwe, kwa maana nyanya asiyejua kusoma ataweza kukisimulia. Nne, kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, kurasa ziwe ngumu, kwani atazitafuna.

Kuhusu Sheng, sioni sababu ya kumkemea mtoto. Kitabu hakiji kumpokonya lugha ya wenzake, kinamwongezea nyingine.

Bei nayo ni kikwazo. Mzazi anayelazimika kuchagua kati ya unga na kitabu atachagua unga, na ni haki yake. Hata hivyo, upande huo wa Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan. Aidha, mradi wa African Storybook una hadithi za picha za Kiswahili ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bila malipo.

Ndugu wanafunzi na wahadhiri, wachapishaji hulifuata soko la shule, na mtoto mchanga hana mtihani. Pengo hili tusimwachie mwingine. Kila chama cha Kiswahili chuoni na kiandike walau kitabu kimoja cha kuhesabu, chenye ngeli zake sawasawa, kisha wanachama wakakisome kwa sauti mbele ya watoto wenyewe. Watoto wakigeuza nyuso, tukiandike upya.