Sifa ya Toyota Haikuja na Mitumba

Makala ya toleo lililopita ilidai kwamba Toyota ilitamalaki Afrika Mashariki kwa sababu moja tu: bei nafuu ya mitumba kutoka Japani. Sikubaliani nayo. Bei ilisaidia, lakini mitumba ilifurika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa. Jina lilikuwa limeshajengwa, na waliolijenga ni pamoja na watu wa huku Sweden ninakoandikia.

Timu ya Toyota ya mashindano barani Ulaya iliasisiwa na Ove Andersson, Mswidi wa Uppsala, mwendo mfupi tu kutoka Stockholm. Mwaka 1984 Mswidi mwenzake, Björn Waldegård, aliiendeshea timu hiyo Safari Rally ya Kenya. Celica yake ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ikaziacha nyuma Audi Quattro zilizovuta kwa yote manne! Akashinda tena 1986 na 1990.

Watu walijipanga kandokando ya barabara wakaiona gari ile: tope hadi madirishani, ngao mbele, injini bado inanguruma. Wengine wao ndio walionunua Corolla baadaye. Kudai kwamba walifuata bei tu ni kuwadharau. Walikuwa na ushahidi wa macho yao.