Sanduku la Njumu na Siri Inayozikwa

Miongoni mwa mambo yanayopuuzwa na wasomi wa Kiswahili ni elimu iliyomo mikononi mwa maseremala. Sanduku la njumu, ambalo wageni hulijua kwa jina la sanduku la Zanzibar, husifiwa kwa shaba yake na kuwekwa mapokezi ya hoteli kama pambo. Ni wachache wanaouliza limeundwaje, na wachache zaidi wanaojua kuwa baadhi ya masanduku hayo yana mahali pa kufichia mali.

Mengi ya masanduku ya zamani yaliletwa kwa majahazi kutoka pwani ya magharibi ya India, hasa Surat na Bombay, na mafundi wa Unguja na Lamu nao wakaunda ya kwao. Bibi harusi aliwekewa humo nguo na dhahabu. Nahodha aliweka hati na fedha. Ukilifunua, utaona upande mmoja kijisanduku chenye kifuniko chake. Ubao wa mbele wa kijisanduku hicho huonekana umekazwa kwa gundi. Kumbe fundi ameuchongea mfereji: ukijua pa kushika, ubao hupanda juu na nyuma yake huonekana vijitoto viwili vitatu, kama watoto wa meza, ambavyo mwizi asingevidhania. Siri ya mtungi aijuaye kata!

Wajapani wana jambo linalokaribiana na hili. Katika milima ya Hakone, kwenye njia ya kale iliyounganisha Edo na Kyoto, mafundi huunda visanduku visivyo na kitasa wala ufunguo. Kila ubao husogea kidogo tu, na kusogea kwake ndiko kunakoufungulia ubao unaofuata. Vingine hufunguka kwa hatua nne, vingine huhitaji sabini na mbili. Nakshi za juu hazipakwi rangi: vipande vya miti ya rangi mbalimbali huunganishwa kwa gundi, kisha hupigwa randa hadi vikatoka vigae vyembamba kama karatasi, vikabandikwa juu ya kisanduku. Mwaka 1984 serikali ya Japani iliitambua kazi hiyo ya nakshi kuwa sanaa ya jadi ya taifa.

Ni kosa kudhani kwamba Wajapani wamebahatika tu. Walichokifanya ni kuiacha kazi hiyo iwe riziki. Msafiri aliyepita Hakone kwenda kuoga katika chemchemi za maji moto aliondoka na kisanduku, na fundi akapata chakula na mwanafunzi wa kurithi kazi yake.

Sasa na itazamwe Ramisi. Kwa miongo mingi mji huu ulitegemea kiwanda kimoja cha sukari, na kilipofungwa mwaka 1988 ilidhihirika jinsi ilivyo hatari kwa watu wengi kula katika sahani moja. Diani yenye watalii wake haiko mbali, Msambweni iko njiani, na seremala wa kando ya barabara ya Lunga Lunga anajua kuunda kitanda na mlango. Anayejua ulimi na tundu lake hashindwi kuchonga mfereji wa ubao wa siri. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha na mnunuzi wa kumlipa haki yake, maana wachuuzi hupenda kulipia shaba na kuisahau kazi ya mkono.

Wapo watakaodai kwamba siri ikifundishwa hadharani hukoma kuwa siri. Hoja hii haina uzito. Mnunuzi wa kisanduku cha Hakone hupewa maelekezo ya kukifungua, na bado hawezi kuunda cha pili chake. Lililo adimu ni mkono wa fundi.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Kuanzia Gazi hadi Shimoni husemwa Kichifundi, na karibu nacho Kivumba na Kidigo. Je, mafundi wa lugha hizo huuitaje ubao unaopanda, mfereji wake, au ukingo unaouzuia usitoke? Kamusi zilizo maktabani hazitoshi kujibu. Badala ya tasnifu nyingine juu ya riwaya ileile, mwanafunzi anayerudi Kwale likizoni angeweza kukaa karakanani wiki mbili, kwa ruhusa ya mwenye karakana, akaandika kila neno pamoja na kifaa chake, na jina la fundi likatangulia lake.