KAMARI YA MPIRA



Mwaka 1994 huko Marekani mchezaji mmoja wa chuo kikuu cha Northwestern aliangusha mpira kwa makusudi karibu na goli, maana alikuwa amecheza kamari juu ya timu yake mwenyewe ishindwe. Baadaye alikiri. Ni kosa, wala hatumtetei. Lakini chuo kilipokea fedha za viingilio, na yeye kanuni za wakati ule zilimkataza mshahara.

Mwaka 2014 wachezaji wa chuo hicho hicho walitaka kuunda chama chao. Mwaka 2015 bodi ya kazi ya serikali ilikataa kuamua shauri lao.

Asiyelipwa hununuliwa kwa bei rahisi. Basi ndugu, kabla ya kutia mshahara wako katika kamari, jiulize: huyu mchezaji analipwa na nani?