Garaji ikidanganya, msafiri ndiye analipa

Kila siku tunasema juu ya watu wenye silaha, vizuizi na madaraja yaliyooza. Leo tuseme juu ya hatari ingine, ambayo haishiki bunduki. Inavaa ovaroli safi, inakuandikia fakture yenye muhuri, na inakaa katika garaji ambazo tunaziheshimu sana.

Nisiseme maneno ya hewani. Mwezi uliopita nilipeleka gari ninalofanyia kazi katika garaji kubwa ya wauza magari hapa mjini. Niliomba vidanji, filtri mpya ya mafuta na plaketi mpya za freni za mbele. Waliniahidi siku moja, gari likakaa siku tatu. Fakture: dola 185, kila piesi imeandikwa pamoja na kazi ya mikono. Nililipa yote.

Kesho yake, kwenye barabara ya Komanda, kabla ya kufika Marabo, freni zikaanza kulia chuma kwa chuma. Tulikuwa watu sita garini, pamoja na mama mmoja aliyekimbia Djugu, akipeleka mtoto wake hospitali ya Nyankunde. Fundi wa kando ya barabara akafungua gurudumu: plaketi ni zile zile za zamani, zimeisha mpaka kwenye chuma. Filtri ni ile ile, na kutu yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Anayeijua barabara ile anajua maana ya kukwama kule saa kumi na moja jioni. Mama alipanda pikipiki na mtoto wake mgonjwa, akalipa safari mara ya pili.

Nilirudi garaji na plaketi zile mkononi. Shefu akanijibu: «Garanti imekufa, kwa sababu fundi mwingine amegusa gari.» Sasa baba, nani angeligusa kule porini? Wewe?

Najua watakavyojitetea. Watasema piesi zinatoka mbali, forodha ni kali, barabara ina taksi nyingi, vita imepandisha bei. Yote ni kweli, lakini si jibu. Sisi hatulalamiki juu ya bei. Mtu akiniambia plaketi ni dola 60, naweza kukubali au kukataa. Lakini kuchukua dola 60 kwa plaketi ambayo haikufungwa, huo ni wizi. Vita haimlazimishi mtu kuandika uongo kwenye fakture.

Wengine watasema hili ni jambo la matajiri wenye magari. Hapana! Dereva akiibiwa garaji, anapandisha bei ya safari. Bei hiyo inalipwa na mama anayeuza kipimo cha maharagwe aliyopewa kambini ili apate nauli. Na freni zikikatika kwenye mteremko, hazichagui nani ana gari na nani amepanda tu. Dereva wa basi aliyelipa freni mpya anateremka kwa imani, na nyuma yake kuna watu ishirini wasiojua kwamba imani hiyo ni karatasi tupu.

Sheria ipo. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya nchi yetu, kinachotoka kwenye dekre ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Sheria hiyo ina miaka zaidi ya 130, ni mzee kuliko magari yote ya Bunia. Kinachokosekana ni mtu wa kuitumia. Polisi wa barabara wanasimamisha dereva kila siku kumwomba karatasi. Ni lini mkubwa yeyote ameingia garaji kuuliza kama kilichoandikwa ndicho kilichofungwa?

Tukingoja wakubwa, tutaoza. Madereva, fanyeni hivi: ombeni bei kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Wekeni alama ya rangi kwenye filtri na plaketi za zamani. Dai kurudishiwa piesi zote zilizotolewa, ni mali yenu. Vuteni kipimo cha mafuta ya moteri mbele ya fundi, muone kama mafuta ni masafi. Asiyekubali msimame karibu, ana cha kuficha. Na vyama vya madereva, ambavyo vinachangisha kila siku, viandike orodha ya malalamiko na kusindikiza wanachama wao mahakamani.

Nanyi wasafiri, msione haya kumwuliza dereva: freni umezitengeneza lini, na nani aliziona? Ni haki yenu, kwa maana ni maisha yenu.

Kwa wenye garaji nasema: wengi wa watu hawa wamepoteza nyumba, shamba na ndugu. Walichobaki nacho ni roho zao, na wanazikabidhi kwa kazi ya mikono yenu. Rudisheni pesa ambazo hamkuzifanyia kazi.