Leso ina mwenyewe, taarab je?

Ingia kwa Kaderdina pale Biashara Street, chukua leso, angalia karibu na pindo. Imeandikwa K.H.E., Mali ya Abdulla. Hao wako Mombasa tangu 1887 na leso yao haitoki bila jina. Hakuna anayeshangaa.

Sasa shika simu, tafuta taarab ya Mombasa. Utaletewa "taarab za zamani mix, saa mbili mfululizo". Nani kaimba? Kimya. Nani katunga? Kimya. Nani alitoa hiyo santuri? Kimya kabisa.

Basi niwaambie. Nyingi kati ya zile za miaka ya 60 na 70 zilitoka kwa lebo ya hapa hapa mjini: Mzuri, ya duka la Assanand & Sons. Ndio waliotoa santuri za Zein, za Yaseen, za Matano Juma. Katikati ya kila santuri kulikuwa na karatasi: jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la lebo. Karatasi ndogo kuliko kiganja, na majina yalienea. Wewe una kapsheni nzima na imekushinda!

Halafu sisi ndio wa kwanza kulia ati wazungu wanatuibia. Buda Musique ya Ufaransa ilipotoa Zanzibara 2, taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, waimbaji walitajwa majina. Aliyeyafuta ni nani? Ni sisi watoto wa nyumbani.

"Aah, hizo za zamani hazina mwenyewe." Uongo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda rekodi miaka 50 tangu irekodiwe, kwa hivyo rekodi ya 1970 sawa, muda umekwisha. Lakini mtunzi analindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Zein alifariki 2016. Piga hesabu: alichotunga yeye kina wenyewe mpaka mwisho wa 2066. Na pesa ikitokea, wimbo usio na jina utamlipa nani?

Kwa hivyo ukiweka taarab nyuma ya video yako, andika mwimbaji, mtunzi, lebo. Hujui? Uliza wazee kabla ya kuposti, bado wapo. Mimi nikikuta klipu haina majina, nayaandika kwenye komenti. Ukitaka, niblock.